Mpunga wa Bia

Mtu akiniuliza ada yangu ya chuo inatoka wapi, namjibu kwamba inatoka kwenye chenga. Wengi hudhani nawatania. Chenga ni zile punje zinazovunjika mashine inapokoboa mpunga. Mchele mzima hupelekwa sokoni kwa walaji, chenga huwekwa kando, na kwetu katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, wako wanunuzi wanaozipakia gunia kwa gunia na kuzipandisha Bukavu kwa ajili ya kupikia bia. Mama yangu hajawahi kuonja bia. Ni mshirika wa kanisa ambalo mtu akionekana na chupa mkononi hutengwa kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, kila ninapofunga safari ya kurudi chuoni, pesa anazonifungia kwenye kitambaa zimepitia kwenye bia. Yeye anajua, na mchungaji anajua pia.

Nataka kueleza jinsi mpunga huo unavyolimwa, na jinsi mama alivyojaribu kuulima kwa njia nyingine. Nimesoma makala mengi yanayosifu kilimo endelevu, lakini machache sana yanayosema ni nani anayeinama.

Kwanza niseme kidogo kuhusu maneno, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili sanifu kinatenganisha mpunga ulio shambani, mchele uliokobolewa na wali uliopikwa. Nyumbani kwetu hivyo viwili vya mwisho vyote ni mchele, na mtu akisema amekula mchele hakuna anayemwuliza kama meno yake ni mazima. Zao lenyewe lilikuja Kongo pamoja na lugha. Waungwana waliofuatana na Tippu Tip katika karne ya 19 walilima mpunga Kasongo na Nyangwe, kule Maniema, na kutoka huko ukaenea kuelekea Kisangani. Kwa hiyo mpunga na Kiswahili viliingia kwa njia moja, na njia hiyo ndiyo iliyopitisha watumwa na pembe za ndovu. Sisemi hivyo ili kumharibia mtu chakula. Ni kwamba mpunga kwetu haukuwa chakula tu hata siku ya kwanza. Tangu mwanzo ulikuwa na biashara nyuma yake.

Uwanda wa Ruzizi umelala kati ya milima na mto unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ni Burundi, ambako uwanda wa Imbo nao umejaa mpunga. Ni nchi ya joto na ya tambarare, na maji yake hushuka kutoka milimani na kuingia mashambani kwa mifereji. Mwenye shamba karibu na mdomo wa mfereji ni tajiri kuliko mwenye shamba kubwa mwishoni mwa mfereji. Shamba la mama liko katikati, lina majaruba sita.

Kwa nini bia itake mchele? Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu ya weupe. Bia inahitaji sukari ambayo hamira itaigeuza kuwa kileo, na sukari hiyo hutokana na wanga wa nafaka. Kimea cha shayiri huagizwa kutoka mbali na hulipiwa kwa fedha za kigeni, ilhali mchele unaota hapa hapa. Primus, ambayo kila Mkongo anaijua, hutengenezwa kwa kimea cha shayiri pamoja na mchele. Mchele una wanga mwingi, mafuta kidogo na protini kidogo, na ladha yake haipigi kelele, kwa hiyo bia inatoka nyepesi. Tatizo ni kwamba wanga wake hulainika kwenye joto kubwa kuliko ule wa shayiri. Inabidi usagwe, upikwe peke yake kwanza kama uji mzito, ndipo uchanganywe na kimea, na vimeng'enya vya kimea vianze kuukata wanga kuwa sukari. Mtu ambaye bibi yake alipika pombe ya mtama au ulezi ataelewa mara moja: kimea ndicho kinachofanya kazi, uji ndio unaofanyiwa kazi.

Kwa kuwa mchele unasagwa, haidhuru kitu kama punje ni nzima au zimevunjika. Ndiyo maana ni chenga. Lakini mpishi wa bia ana mambo yake anayoyaogopa. Hataki mchanga, na kwetu mpunga mwingi huanikwa kandokando ya barabara. Hataki ukungu. Hataki pumba zilizoachwa zishikamane na punje, kwa sababu pumba zina mafuta, na mafuta yale yakikaa huchacha na kuleta harufu mbaya. Wala hapendi protini nyingi, maana anatafuta wanga. Tutarudi kwenye protini.

Mama alijifunza kilimo kwa bibi. Mbegu humwagwa kwenye kitalu, miche hukaa mwezi mzima au zaidi, hung'olewa, hupandikizwa mitatu, minne, hata mitano kwa pamoja bila mstari, halafu jaruba hufungiwa maji mpaka mavuno yakaribie. Wataalamu wengi huyaita maji hayo upotevu. Ni kweli kwamba mpunga unakunywa: taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, IRRI, hukadiria kwamba kilo 1 ya mpunga wa umwagiliaji huchukua kwa wastani lita 2,500 hivi za maji. Lakini maji yale yana kazi. Yanazamisha magugu. Kwa mkulima asiye na pesa ya dawa wala ya vibarua, jaruba lililojaa maji ndilo kibarua wake, linapalilia usiku na mchana bila kudai mshahara. Mtu asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini wanawake wa uwanda wanakesha kwenye mfereji, tochi mkononi, wakilinda zamu yao.

Gharama yake hulipwa mahali pengine. Miguu inashinda kwenye maji yenye konokono, na kichocho si hadithi kwetu. Mbu huzaliana. Yurea ikimwagwa juu ya maji, sehemu yake huyeyukia hewani kabla mmea haujaifaidi. Na chini kwenye tope, ambako hewa haifiki, vijidudu huozesha mabaki ya mimea na kutoa gesi ya methani, ambayo hupasha dunia joto kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi. Shina la mpunga lina njia za hewa ndani yake, na gesi ile hupanda humo kama moshi kwenye bomba. Niliposoma jambo hilo nilimsimulia mama. Alitazama shamba kwa muda, akasema, "Kwa hiyo hata mpunga unavuta sigara." Nadhani ni maelezo bora kuliko ya kitabu.

Njia nyingine ilitoka Madagaska. Padre mmoja Mjesuti kutoka Ufaransa, Henri de Laulanié, aliishi miaka mingi na wakulima wa huko, na katika miaka ya 1980 akaunganisha mambo aliyoyaona kwao na aliyoyajaribu mwenyewe. Kwa Kifaransa njia hiyo inajulikana kwa herufi SRI. Ilifika Burundi, na kwetu ililetwa na agronomu kijana aliyeisomea ng'ambo ya mto. Alikusanya wanawake chini ya mwembe na kuanza kueleza kwamba miche ipandikizwe ikiwa na siku 8 hadi 12, ikiwa na majani mawili tu.

"Hiyo si miche, mwanangu," mama alimwambia. "Hizo ni nywele."

"Ndiyo, mama. Tena tutapanda unywele mmoja mmoja."

"Na panya akila huo mmoja?"

Yule kijana hakukasirika. Alisema panya anayekula mmoja atakula na mitano, na wanawake wakacheka. Hapo ndipo nilipoona kwamba atasikilizwa. Alionyesha kamba yenye fundo kila sentimita 25, alama ya kila mche. Jaruba lisijazwe maji, liloweshwe tu, likauke mpaka udongo uanze kupasuka nyufa ndogo, liloweshwe tena. Mbolea iwe samadi na mboji kwanza, yurea kidogo baadaye ikihitajika. Maji yasikosekane wakati mpunga unatoa maua. Magugu yapaliliwe kila baada ya siku 10 hivi kwa kimashine cha kusukuma chenye magurudumu ya meno, ambacho pamoja na kuyang'oa kinaingiza hewa kwenye tope.

Mama alichagua majaruba mawili kati ya sita. Nilikuwa likizoni, kwa hiyo nilishika ncha moja ya kamba. Shamba lililopandwa hivyo linaaibisha kulitazama. Kwa wiki mbili unaona tope tupu lenye nukta za kijani. Majirani waliopita njiani walisimama kumpa mama pole, kama watu waliopita kwenye msiba. Kisha miche ikaanza kutanuka. Mche ule mmoja ulitoa machipukizi pande zote, na siku moja nilihesabu 31 kwenye shina moja kabla sijachoka. Mbegu alizozoea kumwaga kwenye kitalu zilibaki zaidi ya nusu, akampa dada yake.

Halafu magugu yakaja. Hakukuwa na maji ya kuyazamisha. Kaka yangu alichomeka kwenye jaruba kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu, ili tuone maji yameshuka kiasi gani chini ya udongo. Yakifika sentimita 15 ndipo tufungulie. Ni kifaa kizuri, lakini bomba halipalilii. Kimashine cha kusukuma kilikuwa kimoja kwa kijiji kizima, na kilipofika kwetu magugu yalikuwa yamekita mizizi. Mama alipalilia kwa mkono mara mbili, kwa kimashine mara mbili. Aliita vibarua wawili, akawalipa kwa siku. Jioni aliandika kwa mkaa nyuma ya mlango: upande mmoja mbegu na yurea alizookoa, upande wa pili siku za palizi. Safu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Mavuno yalikuwa mazuri. Majaruba yale mawili yalitoa karibu sawa na matatu ya zamani. Najua kwamba wanasayansi wamebishana vikali kuhusu mavuno makubwa yaliyodaiwa kule Madagaska, na mimi ni mwanafunzi wa isimu. Ninachosema ni cha majaruba mawili na msimu mmoja.

Sasa ile protini. Ukiupa mpunga nitrojeni nyingi, hasa mwishoni, sehemu yake huenda kwenye punje na kuwa protini. Kwa mlaji hilo si baya hata kidogo. Kwa mpishi wa bia ni hasara, kwa sababu kila sehemu ya punje iliyo protini si wanga. Kwa hiyo mkulima anayepunguza yurea kwa ajili ya udongo wake anamtengenezea mpishi wa bia nafaka anayoipenda, bila yeyote kati yao kujua. Nilifurahi sana nilipounganisha mambo haya mawili. Nikadhani nimegundua mahali ambapo maslahi ya mto, ya kiwanda na ya mama yanakutana.

Mnunuzi alinipoza. Anapokuja anachovya mkono kwenye gunia, ananusa, anatafuna punje mbili, anapima uzito. Hana kifaa cha kupimia protini wala hana sababu ya kukitafuta, kwa maana magunia ya mama yatachanganywa na ya watu wengine hamsini kabla hayajafika Ngomo, ule mteremko wa barabara ya kupanda Bukavu. Chenga ni chenga. Bei ni moja.

Tena kuna jambo linalochekesha. Punje huvunjika kwa sababu ya nyufa zinazoingia wakati wa kukauka: mpunga ukichelewa kuvunwa, ukianikwa kwenye jua kali kwa pupa, ukinyeshewa halafu ukakauka tena. Agronomu aliwafundisha kuvuna kwa wakati na kuanika polepole juu ya turubai. Mama alitii, na kinuni akapata mchele mzima mwingi na chenga kidogo. Mchele mzima una bei nzuri zaidi, kwa hiyo alifaidika. Lakini aliponipigia simu aliniambia, "Shamba limetengenea, chenga zimepungua. Sasa wewe utasomeshwa na nini?" Kilimo kizuri kinapunguza kile ambacho biashara ya chenga inakitegemea. Sijaona makala hata moja iliyolisema hilo.

Shangazi yangu hacheki. Yeye haoni tofauti kati ya yurea na samadi ikiwa mwisho wa yote ni chupa. Zamani, anasema, chenga zilikuwa chakula cha asiye na kitu. Mjane alikwenda kinuni na bakuli, akanunua chenga kwa pesa ya chumvi, akapikia watoto. Tangu wanunuzi wa bia waje, hata chenga zina mwenyewe. Nimejaribu kumjibu kwamba bei ile ile inayomnyima mjane ndiyo inayomlipa mkulima, na kwamba wakulima wengi wa uwanda ni wanawake, na wajane wamo. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mjane mwenye shamba, ndiyo." Sina jibu zaidi ya hapo, na sidhani kwamba kuacha methani kidogo shambani kunamjibu.

Mwalimu wetu mmoja, nilipomweleza habari hizi, alinitajia Japani, ambako mpunga wa kutengenezea pombe ya sake ni jambo la heshima na una aina zake maalumu. Nikasoma habari za Toyooka, mji ulioko mkoa wa Hyogo. Huko korongo wa mwituni walitoweka mwaka 1971, sababu mojawapo ikiwa dawa za mashambani. Baadaye walizalishwa kwenye vizimba, na mwaka 2005 wakaachiwa huru. Korongo anahitaji vyura na samaki wadogo, kwa hiyo wakulima walipunguza dawa au kuziacha kabisa, wakaanza kuweka maji mashambani hata wakati wa baridi, na wakachelewesha kuyaondoa katikati ya msimu ili viluwiluwi wawahi kuota miguu. Mchele wao unauzwa ghali kwa jina la ndege huyo, na sehemu yake inatengenezewa sake. Mnywaji analipia korongo.

Habari hii ilinivutia kwa sababu mbili. Ya kwanza, wale wanaongeza maji shambani na sisi tunaambiwa tuyapunguze, na wote wawili tunaitwa endelevu. Maji ya chura ndiyo maji ya methani. Hata kukausha kuna kodi yake: jaruba linalokauka na kulowa, hasa likiwa na yurea nyingi, hutoa gesi nyingine, oksidi ya nitrasi, ingawa kwa jumla bado kuna nafuu. Kwa hiyo mtu akisema endelevu, inafaa kumwuliza anapima nini: maji, ndege, hewa, au mgongo. Ya pili ni ile bei. Kule kuna mtu mwishoni anayelipia kazi ya ziada ya palizi, kwa sababu chupa inasema mpunga ulitoka shamba gani. Kwetu nyangenyange hufuata majembe kila siku na hakuna anayewalipia. Bia yetu ni ya watu wengi na lazima iwe rahisi. Siwezi kumwambia mfanyakazi wa bandari ya Kalundu aongeze pesa kwenye chupa yake kwa ajili ya mgongo wa mama.

Kilichobaki ni mfereji. Njia mpya inataka maji yaje kidogo na mara nyingi, na anayemiliki zamu si mtu mmoja. Ukikausha jaruba lako kwa utiifu halafu zamu ikakupita wakati wa maua, umepoteza msimu. Wanaojaza mpaka pomoni si wajinga, wanaweka akiba. Kwa hiyo mama hawezi kubadilisha shamba lake peke yake hata akitaka. Mwezi uliopita alikwenda kwenye mkutano wa watumiaji wa mfereji na kile kipande cha bomba mkononi, akawaonyesha. Wazee wawili walisema ni mchezo wa watoto. Mwishowe walikubaliana kwamba upande wa juu wajaribu zamu fupi kila baada ya siku tano, kwa msimu mmoja tu, na mlinzi wa mfereji alipwe kwa mpunga na si kwa ahadi.

Msimu huu amepanda majaruba manne kwa kamba. Mawili ya chini, ambako maji hayatoki hata ukitaka, ameyaacha kama ya bibi. Wanawake wanne wamechanga na kununua kimashine kimoja. Amenituma nimtafutie hapa mjini fundi wa kuchomelea vyuma anayeweza kukiiga, kwa sababu majaruba yao yote yanafikia palizi wiki moja.